Nilimimina Oili ya Mashine ya Mpunga Kwenye Turbo, Nikamtukana Fundi

Nimeua injini. Tuanze hapo, nisije nikaanza kuzungukazunguka. Si shetani, si jicho la jirani, si ubovu wa barabara. Ni mimi, kwa mkono huu huu ninaoandikia.

Na kama ningeishia kuua injini tu, nisingewasumbua. Injini ni chuma. Lakini kosa langu nilimbebesha mtu mwenye mke na watoto wanne, nikamtukana mbele za watu, akafukuzwa kazi, na mimi nikarudi nyumbani nikala wali vizuri kabisa! Nikaongeza na mboga!

Subirini, msinitukane bado. Nitawapa sababu zaidi.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa miaka miwili, hapa Kyela. Kidato cha nne nilimaliza. Fizikia nilipata D, na hiyo D ndiyo imeniponza, maana nilijiona mhandisi. Familia ya mume wangu ina mashine ya kukoboa mpunga kule Ngonga, na msimamizi wake ni mimi. Ni ya dizeli, silinda moja, haina maringo. Ukiipa oili mpya inakunywa, ukiipa iliyochakaa inakunywa, inapiga kelele na kazi inaendelea. Nimeshaifungua na kuifunga mara nyingi, mtoto mgongoni. Wanaume wanaleta mpunga, wananikuta na spana mkononi, wanasema, "Juba," yaani mama, "wewe ni jembe!" Kichwa kikavimba.

Mwaka jana mume wangu akanunua gari kwa mtumishi mmoja aliyehamishwa. Petroli, silinda nne, cc elfu mbili, turbo. Juu ya boneti lina tundu kama pua ya kiboko. Ukikanyaga mafuta linapiga mluzi, halafu mgongo wako unabandikwa kwenye kiti. Mwe bandu, jamani! Siku ya kwanza nilicheka mpaka machozi yakanitoka.

Fundi wetu tumwite Ambokile, ingawa si jina lake. Mtu mzima, mpole, alijifunzia kazi Mbeya, na kwenye gereji aliyokuwa anafanyia kazi pale Mbugani wenye turbo walikuwa wanamfuata yeye, si mwenye gereji. Alitukalisha mimi na mume wangu, akatufundisha kama katekista.

"Shemeji, hiyo konokono unayoiona ndiyo turbo. Moshi unaotoka unaizungusha, yenyewe inasukuma hewa ndani ya injini. Inazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika."

"Laki moja? Acha uongo, fundi."

"Laki moja na zaidi. Na imekalia oili tu, kama mtu anayeteleza juu ya sabuni. Oili ikichelewa kidogo, imekufa. Kwa hiyo mnatumia hii nyepesi niliyowaandikia, basi. Mkitoka kupanda mlima msizime hapohapo, iacheni ingurume dakika mbili ipoe. Kila wiki chomoeni kijiti cha kupimia oili mtazame, maana hizi zinakunywa oili hata zikiwa nzima. Na kuna kichujio kidogo, kama cha chai, kwenye bomba la kupeleka oili kwenye turbo. Kile kikiziba, msinitafute mimi. Mtafuteni mchungaji."

Mume wangu anaandika. Mimi napiga miayo. Mtu anayelala na kuamka na mashine unamfundisha oili?

Jumanne Ambokile akafanya sevisi, oili iliyobaki akaiacha na galoni lake kwenye buti, ya kuongezea. Jumamosi nikaenda kwenye sendofu ya binamu yangu Tukuyu. Nikapitia Ngonga kuchukua mchele na ndizi za shughuli. Kabla ya kuondoka nikachomoa kijiti, si kwa sababu ya fundi, bali kwa sababu watu walikuwa wananitazama. Oili imeshuka chini ya alama.

Galoni la fundi liko wapi? Chini ya magunia mawili ya mchele na mikungu minne ya ndizi! Mtoto analia. Gauni la sendofu nimeshavaa. Na hapo miguuni kwangu, kwenye kona ya banda la mashine, kuna dumu la oili nzito namba arobaini. Mfuniko ulipotea zamani. Juu limetanda pumba, kama kila kitu ndani ya banda lile, pamoja na nyusi zangu.

Nikapuliza pumba. Nikamimina. Nikasema, "Oili ni oili." Maneno matatu! Siku nikifa msiniandikie kingine kaburini.

Mlima ulipoanza, gari likaanza kuwa zito. Nikakanyaga. Mluzi ukageuka kilio, kama nguruwe anayeona kisu. Nyuma ukatoka moshi wa bluu mpaka basi lililokuwa linanifuata likawasha taa mchana kweupe. Gari langu likazimikia kwenye kona, mbele ya wanawake wanaouza ndizi. Mmoja akaniuliza, "Dada, gari lako linapika nini?"

Mume wangu akaja na bodaboda. Swali lake lilikuwa moja tu.

"Umeligusa?"

"Sijaligusa! Fundi wako amelifanyia sevisi Jumanne, Jumamosi limekufa. Piga hesabu mwenyewe."

Uongo ulitoka laini kuliko ile oili niliyotakiwa kuweka.

Ningeweza kuishia hapo. Sikuishia. Jumatatu nikaenda Mbugani mwenyewe, mtoto mgongoni, nikasimama mlangoni mwa gereji wakati wateja wamejaa.

"Wewe ni fundi wa baiskeli! Oili yetu umeuza, umetuwekea uchafu!"

"Shemeji, galoni nilifungua mbele ya mume wako."

"Mwizi gani anakiri? Turbo unaijua kwa kuisikia tu!"

Wateja wakaanza kufungua boneti zao na kuchungulia. Mmoja akawasha gari lake, akaondoka. Mwenye gereji aliona wale watu, akaona na mdomo wangu, akachagua. Akamwambia Ambokile akusanye vyake. Ambokile akazifunga spana zake kwenye kipande cha kanga, moja moja, kwa ukubwa wake. Akapita mbele yangu.

"Ndaga, shemeji," akasema.

Asante! Mtu unamfukuzisha kazi anakuambia asante! Ni heri angenizaba kofi.

Baada ya wiki tatu akaja fundi mwingine kutoka Mbeya, akafungulia injini uani kwetu. Mume wangu yuko pale, mama mkwe yuko pale anaanika kakao. Fundi akachomoa kile kichujio kidogo, akakigongagonga kwenye kiganja. Kikatoka kitope cha rangi ya udongo.

"Hiki nini? Sijawahi kukuta kitu hiki kwenye gari."

Mama mkwe akasogea, akachota kwa ncha ya kidole, akanusa.

"Pumba."

"Pumba ya nini, mama?"

"Pumba ya mpunga. Baba, mimi nimezaliwa kwenye mpunga."

Fundi akakuna kichwa, akaeleza kwamba oili ikiwa nzito inashindwa kupita kwenye filta, basi inafungua njia ya dharura na kupita na uchafu wake. Turbo ikakosa oili, ikajisaga yenyewe. Lakini pumba imefikaje Mbugani, gereji haikoboi mpunga?

Pale uani aliyenuka pumba alikuwa mtu mmoja tu. Amesimama, amemshika mtoto kifuani kama ngao.

"Ni mimi," nikasema.

Mama mkwe ndiye aliyesema, na hakupandisha sauti.

"Gari ni gari. Na yule kaka wa watu?"

Kesho yake nikamfuata Ambokile Kasumulu. Nilimkuta anaziba pancha za malori yanayosubiri kuvuka kwenda Malawi. Mtu anayejua turbo kuliko wote niliowahi kuwaona, anapigana na matairi! Nikapiga magoti kwenye vumbi, nikaanza kulia. Akaendelea kufunga nati.

"Inuka, shemeji. Ulinitukania Mbugani. Hapa Kasumulu hakuna aliyesikia. Sasa samahani unaileta huku ya nini?"

Nikainuka. Nikapanda gari la abiria mpaka Mbugani, nikasimama mlangoni pale pale, nikapaza sauti ile ile.

"Sikilizeni! Ambokile hakuiba! Oili niliweka mimi, ya mashine ya mpunga, na pumba zake!"

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Kuna aliyesema, "Mwanamke na gari wapi na wapi." Nikamwambia anyamaze, injini haikuuliwa na uanamke, imeuliwa na kiburi, na yeye anacho cha kutosha malori mawili. Mwingine akapiga kelele, "Mama Pumba!" Jina limenata. Hata kanisani wananiita hivyo, na ninaitika.

Lakini mwenye gereji alishaajiri mtu mwingine. Nafasi ya Ambokile imejaa. Sikujua kwamba uongo nauondoa kwa kelele moja lakini shimo lake linabaki!

Gari liko uani, halijatembea tangu siku ile. Kuku wangu ametagia kwenye tundu la boneti, pale pale hewa ilipokuwa inaingia. Yeye peke yake ndiye anayefaidi turbo.

Kwa hiyo wewe mwenye turbo, tazama kijiti chako, weka oili uliyoambiwa, na kama galoni liko chini ya mchele, shusha mchele! Na ukiharibu, sema umeharibu siku hiyo hiyo, kabla mtu hajafunga spana zake kwenye kanga.

Na mluzi ukianza kugeuka, pita gereji zote, nenda Kasumulu, mtafute fundi wa pancha mwenye spana zilizofungwa kwenye kanga. Akikuuliza nani amekutuma, mwambie Mama Pumba.