Mlio Ukutani kwa Hajati

Msomaji, haya siyaandiki kukuburudisha. Yalinipata mimi mwenyewe huko Kansanga, mchana, mvua ikinyesha, katika miaka ile ya utawala wa wanajeshi ambayo mtu alitoka nyumbani asubuhi bila kujua kama angerudi. Sina mazoea ya kuamini mizimu, na siku ile nilikuwa na akili zangu timamu.

Nilikuwa fundi wa nyaya za simu. Kapteni mmoja alishuku kwamba waya wa ofisi yake umeungwa kwa siri na jirani anayemsikiliza, nami nikaamriwa kumtafuta jirani huyo. Kazi yenyewe ni hivi: unafunga kisanduku cha mlio kwenye waya upande mmoja, kisha unaufuata kwa kijiti kinacholia kila kinapoukaribia. Lakini mlio huvuja. Nyaya zikilala pamoja, hata usiohusika hulia. Ndiyo maana fundi, kabla ya kutamka neno, hugusanisha nyuzi mbili za waya anaoushuku. Mlio ukizimika, ndio wenyewe, ukiendelea, sio.

Kijiti kilinifikisha kwenye ukuta wa duka la Hajati Zuhura, mjane muuza sukari na vitenge. Kikalia kama nyuki aliyefungiwa chupani.

"Ni huyu mama?" akauliza koplo aliyenisindikiza. "Sema tu, mimi nachukua yeye, maneno kwisha. Mvua napiga mimi bure."

Hajati hakumtazama koplo. Alinitazama mimi. "Mwanangu, simu yangu ni ya kuagizia sukari. Na hiyo sukari yenyewe haiji."

Unadhani niligusanisha zile nyuzi? Sikugusanisha. Nilimwogopa koplo, nilitaka kurudi kwangu salama, na kinywa changu kilikwisha kufunguka kusema ndiye.

Hapo mtu aliyevaa ovaroli kama yangu akasimama kati yangu na ukuta. Mvua ilitulowesha sote. Yeye alikuwa mkavu. Mkono wake wa kulia haukuwa na kidole cha shahada.

"Gusanisha kwanza, ssebo, bwana wangu," alisema taratibu. "Mimi sikugusanisha."

Akasogea kando, nami nikafungua kifuniko cha kiungio cha waya pale ukutani, nikagusanisha. Mlio haukuzimika.

"Si hapa, afande."

"Sasa wewe naangalia nani hapo kwa ukuta?" Koplo alikuwa akitazama pale pale aliposimama yule mtu. Nilipogeuka, hata mimi sikumwona mtu.

Tukaendelea kuufuata mlio, na waya wa kapteni tuliukuta mtaroni, umekatika, ncha yake imezama topeni. Nikagusanisha, mlio ukazimika. Koplo alicheka hadi akakohoa: "Kumbe kapteni nasikilizwa na vyura!"

Kesho yake nilimweleza mtunza stoo wetu juu ya mkono ule. Akaweka kikombe chake chini. Huyo, alisema, ndiye aliyeshika kazi yangu kabla yangu. Aliwahi kuonyesha nyumba moja Namuwongo kwa kuufuata mlio tu. Baba na wanawe wawili wakachukuliwa, wala hawakurudi. Kidole alichoonyeshea alikikata kwa mkono wake mwenyewe, na mwaka haukwisha kabla hajazikwa.

Tangu hapo, kila ninapotaka kumtaja mtu kwa ubaya nisiouhakikisha, sikio langu la kulia huanza kulia. Daktari amelichungulia, hakuona kitu.

Nawe utakayeambiwa leo kwamba fulani ni msaliti au mchawi, kwa kuwa uvumi unalia mlangoni kwake, shusha kidole chako ukahakikishe kwanza. Mimi nilipata wa kunizuia. Siwezi kukuahidi kwamba nawe utampata.