Nilikana Pombe, Nikajisingizia Bangi

Msinionee huruma, ndugu zangu. Upumbavu huu niliupika mwenyewe, nikaula mwenyewe.

Mwaka 1991 nilikuwa dereva wa ofisi moja ya Kacyiru, hapa Kigali. Suti ninayo, akili bado haijafika! Jumamosi moja mchana nilikunywa bia mtaani Remera na wenzangu, kisha nikateremka mtaa wa Biryogo kwa mwendo wa waziri. Kwenye kona gari likanishinda. Nikabomoa kibaraza cha fundi cherehani, Mama Zubeda, na mguu wake nikauvunja.

Mana yangu, Mungu wangu! Yeye analia pale chini, mimi nawaza kazi yangu.

Jandarma, askari wa barabarani, akaja. Nikakumbuka maneno ya dereva mwenzangu: "Sheria ya barabara inajua pombe tu. Bangi hawana pa kuipimia." Nikajiona wakili!

"Wewe iko mulevi?" jandarma akauliza.

"Hapana, shefu! Nimevuta bangi kidogo tu."

Jamani, bangi sijawahi hata kuishika!

Jandarma akatabasamu kama mtu aliyeletewa mbuzi mlangoni. "Bia si kosa, kosa ni kuendesha umekunywa. Bangi iko kosa hata ukivuta kwako kitandani. Na mdomo wako unanuka bia. Sasa uko na makosa mawili. Panda gari!"

Mbele ya mwendesha mashtaka nikageuka mtetezi wa pombe. "Mheshimiwa, nililewa! Nililewa sana! Waulizeni walevi wenzangu!"

Alicheka hadi akavua miwani. "Walevi wote hukana pombe. Sijaona mtu wa kujisingizia bangi."

Nimeonekana leo, nikataka kumwambia.

Hakimu akanifunga kwa makosa yote mawili. Leseni ikaenda, kazi ikaenda. Baba mkwe alipokuja kunitazama gerezani, hakuniuliza hali. Alinong'ona: "Mkwe, unavuta tu au na kuuza unauza?" Aibu gani hiyo!

Nilipotoka nilikwenda kwa Mama Zubeda kumwomba radhi. Nikamkuta anachechemea kati ya cherehani na mlango. Hakunifukuza.

"Siku ile nilikuita uninyanyue," akasema. "Ulikuwa unabishana na jandarma. Ungenishika mkono tu, ungesema umekunywa, mimi mwenyewe ningekuombea msamaha."

Nikamshika mkono, lakini nimechelewa.

Wewe unayekunywa, acha funguo nyumbani. Na kama umeshagonga mtu, usiulize sheria inasemaje. Mnyanyue kwanza!