Ukizifunika Zile N

Wakati wa vita nilikuwa mwanafunzi wa biolojia Bukavu, mwaka wa mwisho, mwenye kiburi kuliko jogoo. Nilitaka kwenda Bunyakiri kupima damu za wagonjwa wa malaria, niandike kazi yangu ya kumaliza masomo. Wenye bunduki wakafunga barabara, nikalia kama mtoto. Profesa wangu akasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, akanipa CD aliyotoka nayo ng'ambo. Ndani mlikuwa na protini za kimelea cha malaria, nyingi hazijulikani hata kazi yao. Nichague moja, akasema, niitafutie ndugu, yaani protini inayofanana nayo, kwa kompyuta; kazi ya ndugu ingetuonyesha kazi yake.

Kila protini ilikuwa mstari mrefu wa herufi. Umeme ukiwapo, kompyuta ya fakulte ililinganisha mistari hiyo. Wiki ya mwisho ikanipatia ndugu, protini ya chachu, na nikaruka kwa furaha. Jumamosi ningesimama mbele ya majaji wa chuo kuitetea kazi yangu. Anayeshindwa anarudia mwaka, na miaka ile nani alikuwa na uhakika wa mwaka mwingine?

Jumapili baada ya misa nilimwonyesha mama karatasi yenye mistari ya protini hizo mbili. Alikuwa mwalimu mstaafu, akifuma kitambaa cha altare.

"Maman, angalia vile zinafanana!"

Akafuata mistari kwa ncha ya kroshe. "Huku naona N, N, N. Na huku N, N, N. Ukifunika hizi N, kunabakia nini?"

"Maman, hii haiko kitambaa!"

"Kila kitambaa iko na point, mushono ya kujazia, mutoto yangu. Ile haionyeshe kama dessin, ile mapambo yenyewe, iko moja."

Nilikasirika, sikula. Jumatatu nikazifunika zile N, nikalinganisha upya. Ndugu akatoweka; walikuwa wamefanana kwa N tu. Hakubaki hata mmoja, si kwenye chachu, si kwa binadamu. Ningeweza kunyamaza, majaji wasingejua. Nilitamani sana kunyamaza.

Jumamosi nilieleza kosa langu, nikamaliza kwa sauti ndogo: "Kazi yake sijui. Mnisamehe."

Jaji mmoja, daktari mzee, akavua miwani. "Na mwilini mwa mtu, hakuna inayofanana nayo?"

"Sijaona, Docteur."

"Basi siku moja dawa ikiipiga hiyo, huenda mgonjwa asidhurike. Kwa nini unaomba msamaha?"

Sikuwa nimewaza hivyo hata kidogo. Wiki nzima nilikuwa nikiililia protini ile kwa kukosa ndugu.

Mama alikuwa akingoja mlangoni kwetu na uzi wake.

"Umewaambia ukweli?"

"Nimewaambia sijui."

"Na wamekupitisha?"

"Wamenipitisha, maman. Wanasema niendelee nayo."

Akacheka mpaka uzi ukamwanguka, na mimi nikapiga magoti kuuokota.