Jani la Isale Aliloniletea Mume Wangu

Admin, nifichie jina na usitaje kijiji. Huku Machame habari hupanda mlima haraka kuliko wapagazi, na mama mkwe wangu ana wajukuu wenye simu. Majina nimebadilisha.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na minne, nina ndoa ya kanisani na watoto wawili. Wa kwanza ni binti, Aika. Wa pili ni wa kiume, ana miezi minane, na ndiye anayenifanya niandike haya. Mume wangu alikuwa anaongoza watalii mlimani. Nasema alikuwa.

Mwaka jana aliwafikisha kileleni mzee mmoja na mkewe, kutoka nchi ya kaskazini kabisa. Walishuka wanalia kwa furaha. Yule mzee akamwambia, "Wewe umetuonyesha baridi yako, sasa njoo tukuonyeshe ya kwetu." Tukajua ni maneno tu, maana wageni wakifurahi huahidi mengi. Kumbe mzee hakuwa anatania. Tiketi ikaja, viza ikatoka, safari ikapangwa mwezi wa kwanza, wakati ambao kule baridi ni kali kuliko zote. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi saba.

Nilimsihi asiende. Nikamwambia, "Baba Aika, baridi ipo hapa hapa, panda juu ukaione bure." Akacheka. "Mama Aika, miaka yote nawapeleka wageni kwenye baridi. Acha na mimi niwe mgeni mara moja tu." Nilinuna wiki nzima, nikampikia nikiwa nimenuna, naye akaenda.

Yaliyotokea alinisimulia baadaye, na naumia kila nikiyakumbuka. Siku hiyo walitoka kabla hakujapambazuka kwenda kuona ziwa lililoganda, ziwa ambalo magari yanapita juu yake. Mzee alimpa glavu nene, akazikataa. Alivaa zake za mlimani, zilizomfikisha kileleni mara nyingi. Njiani vidole vikaanza kuuma, kisha vikaacha kuuma. Hakusema kitu. Aliona aibu, yeye mtu wa mlima, kulalamika mbele ya wazee aliokuwa akiwaambia kila hatua "vumilieni". Akajiambia yale yale anayowaambia wageni usiku wa kwenda kileleni: jua linakuja, likitoka tu tutapata joto. Huku kwetu ni kweli. Watu wanaganda huko juu usiku kucha, jua likichomoza wanaanza kuvua makoti. Basi na yeye akasubiri jua. Likatoka, jekundu, zuri, na anga safi kabisa. Halikuwa na joto hata chembe. Anasema baridi ndiyo kwanza ikazidi. Walipomvua zile glavu, vidole vilikuwa vyeupe na vigumu kama mshumaa.

Hospitali ya huko walijitahidi, na wale wazee hawakumwacha hata siku moja. Lakini vidole vilikuwa vimeshakufa. Amebaki na dole gumba la kushoto na vipande vipande.

Mtoto alizaliwa baba yake akiwa bado wodini. Mbuzi wa uzazi nilichinjiwa na shemeji, mtori wa ndizi nikapikiwa na mama mkwe. Aliporudi nilimpokea kwa kilio, sikumlaumu hata kwa neno moja, Mungu anajua. Nilitaka ambebe mtoto tu. Hajambeba mpaka leo. Nikimsogezea anarudi nyuma: "Nitamwangusha." Nikimwambia akae nimwekee mapajani, anatoka nje kumwangalia ng'ombe, ng'ombe ambaye hawezi tena kumkamua. Yeye mwenyewe namlisha, vifungo vya shati la ibada namfunga, na hilo silichoki. Ninachochoka ni kumwona anamtazama mwanawe kwa mbali, kama vile ni mtoto wa jirani.

Jumapili iliyopita tumetoka kanisani, akaingia jikoni amebana jani la isale katikati ya viganja vyake. Kwa wasio wa huku, isale ni mmea tunaoupanda mpakani mwa kihamba, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba. Mtu akikuletea jani lake anaomba msamaha, na halikataliwi, hata awe amekukosea nini. Ukilipokea yamekwisha, na ombi alilokuja nalo umelikubali.

Akasema, "Nisamehe, niliondoka ukinikataza. Na ukishanisamehe, niruhusu nihamie kwa dada yangu, kule mjini Shirimatunda, kabla ndugu hawajapanda kuja nyumbani kwa Krismasi wakanikuta hivi. Hapa nimekuongezea mtoto wa tatu."

Sikunyoosha mkono. Jani likamponyoka, likaanguka sakafuni. Mtoto alikuwa anatambaa, akalifuata, akalitia mdomoni. Baba yake akainama haraka, mikono ikafika karibu kabisa na mbavu za mtoto. Nikajua leo ndiyo leo. Halafu mikono ikasimama hewani. Akainua uso. "Mama Aika, mtoe jani mdomoni."

Nikamtoa. Jani liko juu ya kabati, lina alama za meno mawili. Mama mkwe ameliona, ananiambia, "Mwanangu, tangu lini isale likakataliwa?" Najua. Kumsamehe nilimsamehe kabla hata hajashuka kwenye ndege. Ila nikilipokea, nimemruhusu aondoke. Nisipolipokea, nitakuwa mwanamke wa kwanza katika ukoo huu kukataa isale, na yeye ataamini sijamsamehe. Begi ameshapanga. Zipu amefungiwa na Aika, bila mtoto kujua anachofunga.

Nimewaza jambo moja, na ndilo nawauliza, hasa ninyi wa huku kwetu. Niende mpakani nikachume jani langu, nimshikishe mtoto mkononi, nimpelekee baba yake. Yeye mwenyewe amelelewa akijua halikataliwi. Atalipokea, na wakati huo huo itabidi ampokee na aliyelishika. Lakini je, akishindwa kumshika mbele yangu, si nitakuwa nimemmaliza kabisa? Niambieni jamani, nifanye hivyo, au nilipokee la kwake nimwache aende?