Waliomwoshea Macharia Mawe

Kama kuna mtu hapa Eldoret anataka kununua tangi la samaki wa maji ya chumvi, tena lililotumika, aje kwanza Yamumbi aniulize mimi, Eddah. Nitampikia chai, halafu nitamkataza.

Mume wangu Macharia ni fundi wa mabomba. Alikuwa. Mwaka jana kiharusi kilimpiga, upande wake wa kulia ukalala, mkono na mguu, na maneno yakawa yanatoka yakijiburuta. Daktari wa mazoezi alitueleza wazi: mguu bado una nguvu, lakini asipousimamia sasa utakauka, na hapo hatatembea tena. Macharia aliitikia vizuri sana. Akarudi nyumbani, akalala kwenye kochi, akageukia ukuta. Nikimwambia, "Baba Ciku, jaribu kusimama kidogo," ananijibu, "Kesho." Hiyo kesho yake ilinikondesha.

Sasa, jirani yetu Oluoch, anayefundisha chuo kikuu kule Chepkoilel, alipata kazi ng'ambo akaanza kuuza vitu vya nyumba. Nilimsukuma Macharia kwa wilchea twende tumuage. Sebuleni kwa Oluoch kulikuwa na tangi kubwa la kioo, lina taa ya buluu, na ndani samaki wawili wadogo wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe. Macharia aliwatazama mpaka chai yake ikapoa. Mwishowe akanyoosha mkono wa kushoto, ule mzima, akasema, "Hiyo." Tangu augue hakuwa ameomba kitu chochote, hata chakula nilikuwa namlazimisha. Ningefanyaje? Nilinunua, na pesa ya mbolea ikaenda huko.

Oluoch alituuzia kila kitu: tangi, pampu, hita, ndoo ya chumvi, kipimo cha chumvi, samaki, na rundo la mawe ya ajabu, yamejaa mashimo na utando wa kijani na kahawia. Nilimuuliza kama nayo tunalipia. "Mama Ciku, hayo mawe ndiyo tangi," akasema. "Ndani yake kuna vijidudu vinavyokula uchafu wa samaki. Usiyaoshe, na usiache yakauke. Vikifa, samaki watauawa na uchafu wao wenyewe." Kwa hivyo tuliyahamisha mawe yakiwa ndani ya ndoo za maji yale yale ya tangi, nimezikumbatia nyuma ya pikapu kama mtu aliyebeba mayai ya watu.

Hapo ndipo shida zangu zilianza. Maji ya tangi hupungua lakini chumvi inabaki, kwa hivyo kila siku lazima upime na uongeze maji yasiyo na chumvi. Nani wa kupima? Eddah. Stima ikipotea hita inazima, na baridi ya Eldoret mnaijua. Nani wa kuzungushia tangi blanketi ya wageni? Eddah. Chumvi iliruka ikakauka kwenye vitambaa vyangu vya kochi vikawa vigumu kama omena kavu. Shemeji yangu Gikonyo alisikia tunahitaji chumvi, akatuletea kutoka Ainabkoi gunia la chumvi ya ng'ombe, na nilipokataa kuitumia akanikasirikia. Na mwenye tangi? Amelala kwenye kochi, anatoa amri. "Chumvi imepanda. Ongeza maji." Nilikuwa nimenunua kitu cha kumwinua, badala yake nikajinunulia kazi. Siku zingine nilitamani kulimwaga lote kwenye shamba la mahindi, samaki na taa yao.

Basi Jumanne moja wamama wa kanisa wakaja kumwona mgonjwa. Walikuja na unga, sukari na mafuta ya kupika, wakiongozwa na mwenyekiti wao Waceke. Nyinyi mnajua wamama wa kanisa hawaji nyumbani kwa mgonjwa wakakaa tu. Mmoja anashika ufagio, mwingine anaenda kwa vyombo. Macharia alikuwa amelala chumbani. Mimi nikaingia jikoni kupika chai ya watu wengi, nikawasikia wakiimba pale nje kwa mfereji, nikafikiri, Mungu awabariki, wananifulia.

Nilipotoka na sufuria, Waceke alikuwa anarudisha jiwe la mwisho ndani ya tangi. Lilikuwa jeupe pe. Yote yalikuwa meupe. Walikuwa wameyasugua kwa brashi, sabuni ya unga na jiki ya kung'arisha nguo, wakabadilisha na ndoo moja ya maji.

"Eddah, pole jamani," akaniambia kwa huruma. "Kuuguza kunachosha. Hata mawe ya mzee yalikuwa yameota ukungu."

Kabla sijaweka sufuria chini, mlango wa chumbani ukafunguka. Macharia alikuwa amesikia hilo la mawe, naye amesimama, ameshika fremu ya mlango, wilchea iko nyuma yake. Akalitazama tangi. Akaja akishikilia ukuta, mguu wa kulia ukiburuta lakini unakuja, akafika kwenye kioo.

"Nani ameosha mawe?" akasema, na kila neno lilisikika.

"Haleluya," akasema Waceke. Wamama wote wakaanza kuimba. Mume wangu anawafokea watoke, nao wanamzunguka wakipiga makofi na machozi yanawatiririka. Sikujua nimshike nani. Nilisimama tu na sufuria yangu ya chai.

Samaki walikufa, mmoja Alhamisi, wa pili Ijumaa. Macharia aliwatoa mwenyewe, akarudi kwenye kochi akageukia ukuta. Jumamosi hakula. Nilikuwa na hasira na wamama, na Oluoch, na kila kitu kinachoishi majini, lakini zaidi ya hasira niliogopa. Nilijua hiyo ilikuwa nafasi yetu, na imekwisha.

Jumapili Waceke alitoa ushuhuda kanisani jinsi maombi yao yalivyomwinua Macharia. Pasta akaniita mbele niseme neno. Niseme nini, kwamba aliinuliwa na jiki? Na kwamba saa hii amelala tena? Nikasema amina, nikarudi kukaa.

Nilitembea kurudi nyumbani polepole, sikutaka kufika. Nilipofungua mlango, sakafu yote ilikuwa maji na chumvi. Macharia alikuwa amesimama mbele ya tangi lisilo na samaki, mkono wa kushoto umeshika ukingo, na ule wa kulia umejikunja kwenye kipimo cha chumvi. Suruali imelowa hadi magotini. Alikuwa amempigia Oluoch simu huko ng'ambo, akaambiwa mawe yanaweza kuota vijidudu upya, mtu akingoja, kwa hivyo akaanza na maji mapya.

Nilifungua mdomo nimwulize ni nani atapiga deki. Yeye hakugeuka.

"Mama Ciku," akasema, "niletee stuli. Nimechoka kusimama."

Mimi niliyelalamika mwaka mzima kwamba nimechoka kuletea watu vitu, nilikimbia.