Shangazi Ndeshi Wangu Peke Yangu

Kama ulikuwa ukumbini Kijenge Jumamosi iliyopita, yule kijana aliyesimamisha video ni mimi. Filamu ilitokana na hadithi ya zamani ya gazetini, na aliyeitengeneza, jamaa mmoja wa Moshono, alikuwa amekaa mbele na mkewe, wote wamependeza.

Kwenye filamu, Shangazi Ndeshi alipomnyima yatima ndizi, nilishindwa kuvumilia.

"Kaka, hadithi umeisoma kweli?" nikauliza kwa sauti. "Ndeshi alikuwa mwema. Kwa nini umemharibu?"

Vijana wa nyuma, ambao hawakuwahi kuisoma, wakaniunga mkono na kudai kaseti izimwe. Ikazimwa. Jamaa akageuka, uso umemshuka.

"Ndeshi ni katili tangu mwanzo, kaka."

"Mwanzo upi? Mama alinisomea kila wiki. Muulize, huyu hapa."

Mama alikuwa ananivuta shati muda wote. Akainuka taratibu.

"Gazeti lilikuwa la Kiswahili, mimi nikimsimulia kwa Kimeru," akamwambia yule jamaa. "Ndeshi alipomchapa yatima, huyu wangu alilia, akakataa kula. Basi nikamfanya shangazi awe mpole. Utusamehe, mwanangu. Filamu yako iko sawa."

Chuoni nilijulikana kwa kuhoji kila mhadhiri. Mama sikuwahi kumhoji.

Ukumbi ulikuwa bado unacheka aliponigeukia.

"Kaa chini, baba. Na ujikaze, maana huyo yatima anakufa."