Nywele Zilizonitoka Edani

Unywele wa kwanza aliuona wifi yangu. Aliuvuta kutoka kwenye wali, akauinua mbele ya wanawake waliokuja kunipa pole, akauliza ni wa nani. Alijua ni wangu. Wali ule nilikuwa nimeupika mimi.

Nilikuwa edani, katika nyumba ya ukweni, huku Msambweni. Mume wangu aliugua, akafa, akazikwa kabla ya alasiri. Nimeandika hivyo kwa sababu sijui namna nyingine ya kuyaandika. Miezi miwili ilipopita, nywele zikaanza kunitoka. Nilizikuta kwenye mto, kwenye sabuni, hata kwenye msala. Nikipitisha kitana, kinarudi kimejaa.

Wifi alikuwa na maelezo yake, na hakuyasema chini kwa chini. Alisema nywele za mjane hazitoki bure. Kuna jambo nililomfanyia kaka yake, na marehemu alikufa hajaniwia radhi. Aliyasema hayo kisimani, akayasema dukani, mpaka watu waliokuja kunisalimu wakawa wanatazama ushungi wangu badala ya uso. Mwanamke aliye edani hatoki kwenda kujitetea. Anakaa ndani, na maneno yanatembea bila yeye.

Nilichokiogopa ni siku ya kutoka eda. Kwa desturi ya nyumba ile, wanawake hukusanyika, mjane akaogeshwa, akavishwa nguo mpya, na wifi yake ndiye humfunua kichwa, akamchana na kumpaka mafuta mbele ya wote. Siku hiyo wangeamua kama wifi alisema kweli. Jina langu katika ukoo ule lilikuwa kichwani mwangu, na lilikuwa linapukutika.

Nyama nilikuwa nimeiacha tangu matanga. Mbuzi aliyechinjwa nilimlisha kwa mkono wangu wakati mume wangu yuko kitandani, na harufu ya mchuzi ule haikunitoka puani. Samaki naye akanishinda. Nikawa nakula mchicha, majani ya kunde, pojo za nazi, na mchunga, ile mboga chungu iliyojiotea nyuma ya bafu. Wifi alinikuta siku moja na sahani ya majani, akawageukia wageni.

"Tulichinja mbuzi, kumbe mmoja tumembakisha."

Walicheka, na mmoja akaziba mdomo kwa leso. Mimi niliendelea kutafuna. Nilimchukia saa ile, na sitaandika kwamba nilimwonea huruma.

Nilipoanza kuona kizunguzungu, mama mkwe aliniruhusu niende zahanati, kwa kuwa ugonjwa una ruhusa yake. Muuguzi alikuwa kijana wa bara. Aliniamkia vizuri, akanivuta kope ya chini, akatazama, akasema damu ni haba. Aliniuliza ninakula nini. Nilipomwambia, nilitegemea anikemee kwa kuacha nyama. Hakunikemea. Aliuliza ninateremshia nini.

Nyumba yenye msiba haiondoi birika jikoni. Kila mgeni anayeingia humiminiwa chai ya rangi, iliyokolea, na mfiwa hunywa pamoja naye, kwa sababu kumwacha mgeni anywe peke yake ni kama kumwambia aondoke. Kwa hiyo nilikuwa nakula mchicha kwa chai, pojo kwa chai, tangu asubuhi mpaka magharibi.

"Majani yako ni mazuri, mama," alisema. "Chai ndiyo inayoyazuia yasikupe damu. Inywe mbali na chakula. Kwenye mboga kamulia ndimu."

Alinipa na vidonge vya kuongeza damu. Alisema pia kwamba huzuni yenyewe huangusha nywele, na zikirudi hurudi polepole. Sikutaka kusikia polepole.

Niliporudi nikaanza kukataa kikombe wakati wa kula, na hapo vita vikawa wazi. Wifi alisema nawafukuza wageni wa kaka yake. Adhuhuri moja aliniwekea chai kando ya pojo zangu, wageni wakiwa wameketi, akasimama pale pale.

"Nitainywa baadaye, wifi," nilimwambia.

"Baadaye, wakishaondoka waliokuja kwa ajili ya kaka yangu?"

Nilikamua ndimu juu ya mchicha, nikala. Chai ikapoa mbele yetu sote.

Nilishikilia chakula changu kama mtu aliyeshikilia ukuta. Nilikaanga mbegu za maboga zilizokuwa zikitupwa, nikasaga ufuta nikautia kwenye kisamvu, na ndimu zilipoadimika nilikatia embe bichi. Kizunguzungu kilipungua. Nywele ziliendelea kutoka.

Siku ya kutoka eda wanawake walijaa chumbani. Niliogeshwa, nikavishwa, nikakalishwa mkekani. Wifi alishika kitana. Kabla hajanigusa, nilivua ushungi mwenyewe. Palikuwa na sehemu zilizo wazi ambapo niliweza kuhisi upepo.

"Sikumkosea kaka yako," nilisema. "Damu yangu ilikuwa haba, na nilimlilia. Sasa chana."

Alichana kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Nywele zilitoka, akazionyesha. Mama mkwe, ambaye muda wote ule hakuwa amesema lolote upande wangu wala upande wa binti yake, alisogea akanishika paji la uso. Akapitisha kidole kwenye mstari wa nywele. Palikuwa na vinywele vifupi, laini, vimesimama kama vya mtoto mchanga.

"Mbona hizi zinaota?" alimuuliza binti yake.

Wifi alisema ni za ugonjwa. Mama mkwe akamnyang'anya kitana.

"Mwanangu nilimuuguza pamoja na huyu. Angemkosea, ningejua."

Akanichana mwenyewe mpaka mwisho, polepole, na wanawake wakaanza kuzungumza mambo mengine.

Sijui kilichoziotesha ni mboga, au vidonge, au ni siku tu zilizopita. Zimerudi, nyembamba kuliko zamani. Nyama bado siili. Mama mkwe alikuwa na neno lile tangu mwanzo, akakaa nalo miezi yote wakati ninachekwa, na hilo ndilo linaloniuma kuliko kitana cha binti yake. Ninampa shikamoo kila asubuhi. Wifi simpi zaidi ya salamu.